Mafunzo ya maafa kwa kompyuta: kwenye kijiji chao hakuna mbuzi

Wiki hii naweka pembeni viwavijeshi na mbolea ya kukuzia. Nimeulizwa sana kuhusu haya mafunzo ya maafa yanayofanyika kwa kompyuta na miwani, na kwa kuwa masika hayako mbali, nitasema ninavyoona. Wapo watakaonuna. Sawa tu.

Kwa ambaye hajakutana nayo: ulimwengu pepe ni mahali palipochorwa ndani ya kompyuta. Pana barabara, nyumba, mto na watu. Wewe unaingia ukiwa mhusika, unatembea, unaongea na wenzako ambao nao wameingia wakiwa mahali pengine kabisa. Mkufunzi analeta moto, mafuriko au ajali, kisha anaangalia mnafanya nini. Wengine huvaa miwani mikubwa inayoziba macho mpaka unajiona umo ndani, wengine hutumia kioo cha kawaida cha kompyuta. Si mambo ya jana. Second Life ilifunguliwa mwaka 2003, na jimbo la Idaho kule Marekani walijenga ndani yake mji na hospitali ili wahudumu wa afya wafanyie mazoezi ya dharura. Mji wa Delft, Uholanzi, ndiko ilikotengenezwa XVR, inayotumiwa na vikosi vya zimamoto na uokoaji kufundishia makamanda wao.

Msimamo wangu ni huu: kifaa ni kizuri, ila tunavyoletewa ni vibaya. Kwa hiyo nina ugomvi na pande mbili, wanaokicheka na wanaokileta.

WANAOCHEKA

Wanasema haya ni magemu ya watoto, mwanakijiji afundishwe kwa vitendo. Vitendo vipi? Zoezi la maafa tunalolijua sote ni la saa 4 asubuhi. Jua linawaka. Wanafunzi wamepangwa mstari, mgeni rasmi yuko chini ya turubai, king'ora kinalia kwa dakika iliyoandikwa kwenye ratiba, na majeruhi waliopakwa rangi nyekundu wanacheka. Baadaye hotuba, soda, picha ya pamoja.

Sasa kumbuka Hanang. Ilikuwa alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023. Sehemu ya mlima iliyokuwa imeshiba maji ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Wengi walikuwa ndani mwao, giza halijaisha. Niambie, ni zoezi gani la saa 4 asubuhi linalomwandaa mtu kwa hilo? Je, utawaamsha bibi zetu saa 9 usiku, mvua inanyesha, uwaambie wavuke korongo lenye maji ili wajifunze? Huwezi, na ukifanya hivyo utakuwa umeleta maafa mwenyewe.

Hapo ndipo kompyuta inapotushinda. Inaweza kuweka usiku. Inaweza kuweka mvua, kukata umeme, kuzima simu ya mwenyekiti, kuziba kalavati kwa magogo. Mtu akikosea njia, anazama kwenye kioo, anacheka, anarudia. Mara ya tatu hakosei. Tena kila hatua inarekodiwa: mkimaliza mnarudisha mkanda nyuma mnaona kwamba taarifa ilifika kwa mtendaji dakika ya 4, ikakaa kwake mpaka dakika ya 19 kwa sababu alikuwa anasubiri ruhusa. Kwenye zoezi la uwanjani hutakaa uzione hizo dakika 15, maana wote mnakimbia.

Na usiniambie kwamba bila picha nzuri kama sinema mtu hajifunzi. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, mtoto wa mwenye kiwanda cha vinanda, alitengeneza sanduku la mbao lenye mabawa mafupi, likitikiswa na mivukuto aliyoitoa kwenye ufundi wa vinanda vya baba yake. Rubani anakaa ndani, anafunikwa asione nje, anajifunza kuendesha kwa kutazama saa na mishale tu. Watu walikiona ni chombo cha kuchezea kwenye maonyesho. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege, marubani wake wakaanza kufa kwenye mawingu na usiku kwa sababu hawakuzoea kuruka bila kuona, ndipo likaenda kununua yale masanduku. Sanduku lile halikufanana na anga hata kidogo. Lakini lilifundisha jambo moja lililokuwa linaua watu. Leo hakuna shirika la ndege la maana linalomkabidhi rubani abiria bila kumpitisha kwenye simuleta.

Basi swali la kuuliza kabla ya kununua mtambo wowote ni hilo: kwetu, jambo linaloua watu ni lipi? Nakuja kwa upande wa pili.

WANAOLETA

Niliwahi kuitwa kwenye mafunzo ya namna hii, siku mbili, mjini. Mwandaaji simtaji. Washiriki tulikuwa zaidi ya 30, miwani ilikuwa miwili. Ukipata zamu, unavaa dakika chache, unazimia moto kwenye jengo la ghorofa nyingi lenye lifti, huku gari la zimamoto limesimama nje na taa zake za bluu. Wenzako wanakupiga picha ukipapasa hewa. Kuna mama mtendaji alipata kichefuchefu akaenda kulala. Halafu vyeti vikatolewa vimeandikwa kwamba tumehitimu usimamizi wa maafa.

Katika kata yangu hakuna ghorofa. Lifti ya kwanza wengi wa watu wangu wataiona hospitali ya rufaa. Namba 114 ya zimamoto tunaijua na tunawaheshimu, lakini gari lao lina barabara ndefu ya vumbi ya kupita, na masika barabara hiyo ndiyo inayokatika kwanza.

Siku ya pili niliuliza swali moja: mbona kwenye huo mji wenu sijaona mbuzi? Watu wakacheka. Mkufunzi naye akacheka, akasema anaweza kuwaomba wataalamu waongeze wanyama "kwa ajili ya mandhari."

Ndugu yangu, mbuzi si mandhari! Mbuzi ndiye sababu ya watu kufa. Nenda bonde lolote linalofurika hapa nchini, muulize aliyebaki nyuma kwa nini alibaki. Atakuambia alikuwa na ng'ombe zizini. Atakuambia alikuwa na magunia ya mpunga ndani na mlango hauna kufuli. Mama mmoja aliniambia alirudi ndani ya maji yaliyokwisha kufika magotini kufungua kamba ya mbuzi jike mwenye mimba, kwa kuwa mbuzi huyo alikuwa ndiye ada ya shule. Ukimwona mama huyo mjinga, basi hujawahi kuishi kwa kutegemea mbuzi.

Watu wa Bangladesh walilielewa hili kwa uchungu. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 kule. Pamoja na kuanzisha jeshi la kujitolea la kupeleka tahadhari nyumba kwa nyumba kwa vipaza sauti, na baadaye kujenga majengo ya kukimbilia, walijenga pia vilima vya udongo vya kupandishia mifugo, vinavyoitwa Mujib Killa. Walijua kwamba mfugaji hatakwenda kwenye usalama ambao ng'ombe wake hana nafasi. Kimbunga Sidr cha mwaka 2007 kilikuwa kikali sana, na waliokufa walikuwa elfu tatu na kitu. Ni wengi bado, lakini si laki tatu. Tahadhari ya mapema ilifanya kazi kubwa, majengo yalifanya kazi kubwa, na kile kilima cha ng'ombe usikidharau.

Kwa hiyo ukiniletea ulimwengu pepe usio na zizi, usio na ghala, usio na kijana aliyekwenda mnadani na ufunguo wa nyumba mfukoni, umeniletea sanduku la Link lisilofundisha kuruka gizani. Unanifundisha kukimbia tu. Kukimbia tunajua. Tusichojua ni kuamua, usiku, nani anaacha nini, nani anafungua zizi, na saa ngapi.

Hata ile gemu ya bure ya Umoja wa Mataifa inayoitwa Stop Disasters, iliyotoka mwaka 2007, ambayo mimi naipenda na nimewaonyesha vijana wa klabu ya 4-H, ina tatizo hilohilo. Unapewa bajeti na muda, unaamua ujenge nini kabla maafa hayajafika. Inafundisha jambo la maana, kwamba hela ya kinga ni ndogo kuliko hela ya kufukua. Lakini ina tsunami, kimbunga, tetemeko, moto wa nyika na mafuriko, na mafuriko yake ni ya Ulaya. Mkulima wa mpunga anayejenga kichanja cha kuhifadhia mavuno hajioni mle.

NANI AINGIE MLE NDANI

Hapa ndipo ninapokasirika kuliko pote. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43, walikufa 19. Waliofika kwanza ni akina nani? Wavuvi, kwa mitumbwi yao. Nchi nzima iliona.

Wavuvi, bodaboda, mama lishe, wachunga mifugo, mwenyekiti wa kitongoji. Hao ndio kikosi cha kwanza cha uokoaji cha nchi hii, na hao ndio sijawahi kuwaona hata mmoja kwenye mafunzo ya miwani. Wanaoitwa ni sisi wenye barua za kuajiriwa, kwa kuwa sisi ndio tunaojua kusaini fomu ya posho. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Muulize mwenyekiti wako wa kijiji kama anawajua wajumbe wa kamati yake ya maafa kwa majina. Muulize taratibu, usimwaibishe mbele za watu.

Kiongozi anayesema wanavijiji hawawezi kutumia kompyuta hajawatazama vijana wanaochezea mpira kwenye simu pale kijiweni. Wale wanaweza kuongoza wachezaji 11 kwa vidole viwili. Mpe mmoja wao kitongoji chake, kilichochorwa vizuri, umwambie maji yanakuja.

MAJI YA KWENYE KOMPYUTA YANASIMAMA YANAPOAMBIWA

Kuna hatari nyingine, na hii hata nikipewa ulimwengu pepe wenye mbuzi elfu moja nitaisema. Kwenye kompyuta, maji yanafika pale mtaalamu alipoyaambia yafike. Ukifanya zoezi mara tano na kila mara maji yakaishia kwenye uwanja wa shule, akili yako itaamini kwamba shule ni salama. Siku ya kweli maji hayajui habari za programu.

Angalia Kamaishi, Japani, tarehe 11 Machi 2011. Kata ya Unosumai ilikuwa na shule mbili ambazo kwenye ramani ya maeneo hatarishi zilikuwa nje ya mstari wa tsunami. Lakini wanafunzi wale walikuwa wamefundishwa kwa miaka na profesa Toshitaka Katada, ambaye jambo lake la kwanza lilikuwa kwamba wasiiamini ramani. Tetemeko lilipotulia, wanafunzi wa sekondari walianza kukimbia, wa msingi wakawafuata. Walifika mahali palipopangwa, wakaona mteremko unabomoka, wakapanda zaidi. Wakafika pa pili, wakapanda tena. Bahari ilipita juu ya shule zote mbili, na watoto waliokuwa shuleni siku ile walipona.

Siku hiyohiyo, shule ya msingi ya Okawa mjini Ishinomaki, watoto walikaa uwanjani karibu dakika 50 huku walimu wakijadili waende wapi. Nyuma ya shule kulikuwa na kilima. Maji yalichukua watoto 74 kati ya 108. Mwongozo wao wa maafa ulikuwapo, umeandikwa, umewekwa kwenye faili.

Kwa hiyo mkufunzi wa ulimwengu pepe anayestahili mshahara ni yule anayebadilisha mchezo kila mara. Leo maji yaishie shuleni, kesho yapite, keshokutwa yasije kabisa, watu waliohama wakasirike, na mwenyekiti ajifunze kuwajibu, kwa sababu tahadhari isiyotimia nayo inaharibu imani ya watu na tahadhari inayofuata. Ukiona zoezi lina mwisho mmoja, hilo ni igizo la shule.

RIPOTI INAYOLALA

Bado kuna jambo la baada ya zoezi. Julai 2004, kule Louisiana, Marekani, maofisa zaidi ya 250 walikaa siku nane wakifanya zoezi la kimbunga cha kubuni walichokiita Pam, kikiipiga New Orleans. Kompyuta ziliwaonyesha kingo za maji zikizidiwa, mji umejaa maji, maelfu ya watu wasio na usafiri wamekwama. Agosti 2005 Katrina ikaja. Mipango iliyotokana na zoezi lile ilikuwa bado haijakamilika, na watu wasio na magari walikwama kama kompyuta ilivyosema.

Marekani hiyo, yenye kila kitu. Sasa wewe ukiambiwa kuna zoezi kijijini kwako, usiulize litakuwa lini. Uliza likionyesha kwamba kalavati la barabara ya mnadani ni dogo, nani atalipanua, kwa bajeti ipi, kabla ya mwezi gani. Kama hakuna anayeweza kujibu, zoezi hilo litawafundisha watu kitu kimoja tu, kwamba serikali inajua na haitafanya kitu. Mimi ni mtumishi wa serikali na ninaliandika hili kwa akili timamu.

TUNAVYOWEZA KUJICHOREA WENYEWE

Wanasema kuchora kijiji chetu ndani ya kompyuta ni gharama kubwa mno. Si kweli kwa kiasi wanachotuambia. Kazi ngumu ya kuchora ni vipimo, na vipimo vingine tunavyo. Ramani Huria ilianza Dar es Salaam mwaka 2015: wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wa mitaa yenye mafuriko, kama Tandale, waliingia mitaani kuchora nyumba, mifereji na vichochoro kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Waliuliza wakazi maji yalifika wapi, mahali ambapo hakuna mtaalamu angejua. Zanzibar walianza mwaka 2016 kupiga picha visiwa vyao kwa ndege zisizo na rubani, na vijana wa chuo kikuu cha SUZA walikuwamo. Mwaka 2022 nchi nzima iliwekewa anwani za makazi. Sasa niambie kwa nini bado tunanunua ghorofa la Ulaya.

Wakati tunasubiri wakubwa wasikie, hatukai bure. Ninafanya zoezi langu kwa kundi la WhatsApp, na ninakuomba ulifanye kijijini kwako kabla ya mvua kuanza. Ni ulimwengu pepe wa maskini. Hauna picha, una maneno na saa, na kila ujumbe unakuja umeandikwa muda wake, kwa hiyo kule kurudisha mkanda nyuma nako kupo.

Kwanza mwarifu mtendaji wa kijiji na kituo cha polisi cha karibu. Halafu KILA ujumbe uanze na neno ZOEZI kwa herufi kubwa. Usilifanyie mzaha hilo, ujumbe mmoja ukitumwa nje ya kundi bila neno hilo utazua taharuki, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haitakuuliza kama ulikuwa unafundisha. Usitume video, watu wana bando dogo. Mwenye kitochi akae na mwenye simu janja jirani yake. Dakika 40 zinatosha, saa 2 usiku baada ya chakula, ingawa ndani ya zoezi muda ni saa 9 usiku.

Mwendeshaji ni mmoja na anaanza hivi: "ZOEZI. Saa 9:10 usiku. Mvua kubwa tangu saa 4. Jirani wa kitongoji cha juu anasema mto umebadilika rangi, unaleta magogo. Umeme hakuna. Nani anampigia nani?" Unawapa dakika 3. Wakijibu kwamba wanampigia mwenyekiti, unaandika: "ZOEZI. Simu ya mwenyekiti haipatikani." Kila mara mwondoe mtu au njia moja, mpaka wazoee kuwa na njia ya pili. "ZOEZI. Kalavati limeziba, bodaboda hapiti." "ZOEZI. Mzee wa nyumba ya mwisho amekataa kutoka, ana ng'ombe 14 zizini, mwanawe amelala mnadani." Hapa ndipo kundi litakapowaka moto, na hapa ndipo usiharakishe. Waache wabishane. Kwenye kundi letu huu mfano wa mzee ulichukua dakika 11, na katika ubishi huo ndipo vijana wawili walipojitolea kuwa wafungua mazizi wa kitongoji, kazi ambayo haipo kwenye mwongozo wowote niliowahi kupewa.

Mimi kama mtu wa mifugo naongezea mambo matatu ndani ya mchezo. La kwanza, mnyama aliyefungwa kamba ndiye anayezama, kwa hiyo agizo la kufungua kamba na mazizi litoke mapema, jioni, wingu likionekana zito upande wa milimani, si saa 9 usiku. La pili, mto ukipungua ghafla huku mvua bado inanyesha, msifurahi. Yawezekana ardhi imemeguka huko juu ikaziba mto kwa muda, na maji yatakuja yote kwa pamoja. Weka hilo kwenye zoezi uone wangapi wataandika "afadhali." La tatu, mchezo usiishe maji yakipungua. Sogeza siku mbele wiki kadhaa: "ZOEZI. Mbu wamekuwa wengi. Kondoo na mbuzi wanatoa mimba katika maboma matatu. Kuna mtu anauza nyama rahisi." Homa ya Bonde la Ufa ilitupiga mwaka 2007 baada ya mvua kubwa za namna hiyo, ikaua mifugo na watu. Anayejibu kwamba anakwenda kununua ile nyama, mpigie simu umweleze vizuri.

Wazee wasio na simu tunakutana nao chini ya mti. Tunachora kitongoji kwenye udongo, punje za mahindi ndizo kaya, maharage ndiyo mifugo, maji tunamwaga kweli kutoka kwenye dumu. Bibi mmoja alinisahihisha mahali mto ulipopita alipokuwa msichana, mita mia kadhaa kutoka unapopita leo, na pale sasa kuna darasa jipya. Nimeliandikia barua hilo. Majibu bado.

Mwishoni mwa zoezi andika mambo mawili tu ya kurekebisha, yasizidi, na majina ya watakaoyafanya, ubandike kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Picha ya ubao huo nitumie. Atakayetaka mfululizo mzima wa ujumbe wangu wa zoezi aniandikie, aeleze kama kwake ni bonde, mteremko wa mlima au pwani, maana ujumbe haufanani. Na ukialikwa kwenye mafunzo ya miwani, nenda, jifunze, ila ukifika uliza zizi liko wapi.